16-25 Railcard: uzoefu wangu wa miaka miwili, pamoja na ile siku betri ilinizimikia

Nilifika Leicester, Uingereza, Septemba 2023 na miezi miwili ya kwanza sikutoka nje ya mji hata mara moja. Darasani, Tesco, chumbani, kesho tena darasani, Tesco, chumbani. Sio kwamba sikuwa na pa kwenda, binamu yangu yuko London, shoga yangu niliyesoma naye sekondari Tanga yuko Edinburgh, kuna wengine Manchester, ila kila nikifungua simu kuangalia nauli ya treni naifunga haraka kama mtu aliyefunua sufuria ya watu. Na kosa langu lingine ni lile la wageni wote, kila bei nailetea shilingi. Ukianza kuzidisha pauni kwa elfu tatu na kitu hutakunywa hata chai nchi hii.

Aliyenishtua ni mzee mmoja wa duka la viungo huku Melton Road. Kwa wasioijua Leicester, Wahindi wengi wa hapa wametokea kwetu kulekule, Kenya, Uganda, Tanzania, na wengi sana walikuja baada ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972, kwa hiyo usishangae umeingia dukani kununua bizari mtu anakukaribisha kwa Kiswahili. Muhogo wa kukaanga kwenye menyu zao wanauandika "mogo", siku ya kwanza nilivyouona nilicheka peke yangu mgahawani watu wakanitazama. Sasa huyu mzee ni mzaliwa wa Jinja, nikiingia namwamkia shikamoo anaitikia marahaba binti, siku hiyo akaniuliza London umeshafika? Nikamwambia mzee, nauli. Akatoa pochi taratibu akanionyesha kadi yake ya treni ya wazee, ile ya kuanzia miaka 60, akasema mimi kila tiketi napunguziwa theluthi, wewe kijana hata yako huna? Nikaona aibu pale mbele ya magunia ya mchele.

Usiku uleule nikakata ya kwangu, hii 16-25 Railcard, kadi ya vijana ya kupunguziwa nauli ya treni. Wakati huo ilikuwa pauni 30 kwa mwaka, sasa hivi ni 35, ilipanda Machi 2025. Unajaza taarifa zako, namba ya pasipoti, unapakia picha (ukuta mweupe, usicheke, usivae miwani ya jua kama mimi jaribio la kwanza), unalipa, kadi inaingia kwenye simu palepale. Hakuna foleni, hakuna fomu ya nakala tatu. Inakupunguzia theluthi ya nauli karibu treni zote za England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini haifanyi kazi, kama una mtu wako Belfast pole. Na sio lazima uwe mwanafunzi, ukiwa na miaka 16 hadi 25 inatosha, ila ukishavuka 25 halafu bado unasoma fultaimu unaruhusiwa pia.

Kaka yangu yuko Dodoma, nilipomwelezea alishindwa kabisa kuelewa. Yeye kazoea SGR, Dar mpaka Dodoma daraja la kawaida shilingi 31,000, ukate leo ukate wiki ijayo ni ileile. Nikamwambia huku siti moja, behewa moja, mimi nimelipa 16, jirani yangu kalipa 60, na wote tunasimama mlangoni kwa sababu treni imejaa. Akaniambia hiyo ni treni au mnada? Sikuwa na jibu. Kuna tiketi za Advance, hizo unakata mapema, wiki nyingi kabla, na umebanwa na treni hiyohiyo moja, ikikuacha imekula kwako. Halafu kuna za Off-Peak za nje ya saa za msongamano, halafu kuna Anytime, ya kupanda saa yoyote, hiyo ni ya wenye hela zao au kampuni inawalipia. Kadi inashusha zote, ila raha yake halisi ni ukiichanganya na Advance. Mfano London, Advance ya 24 nailipia 15 na peni zake, kwenda na kurudi nimeshaokoa kama 16. Safari mbili za hivyo na ile kadi yangu ya pauni 30 ikawa imejilipa, kilichofuata ni faida.

Lakini safari iliyonifanya niipende hii kadi ni Edinburgh, Agosti 2024. Kutoka Leicester unapanda treni ndogo mpaka Peterborough, unabadilisha, halafu unakaa kwenye treni kubwa inayotoka London. Tiketi ilikuwa 48, ikashuka hadi 31 na kitu, kwenda tu. Nisikilizeni vizuri hapa: chagua siti upande wa kulia, upande wa dirisha. Unapita York, unafika Durham treni inapita juu ya daraja unaliona kanisa kuu lile limekaa juu ya kilima kama limepandwa pale, kisha Newcastle na madaraja yake kwenye mto Tyne, halafu ukikaribia Berwick bahari inatokea. Yaani inatokea tu, ulikuwa unaangalia kondoo mara bahari hiyo hapo chini, ya kijivu, mawimbi yanagonga majabali. Mimi mtoto wa Tanga nilikuwa sijaona bahari karibu mwaka mzima. Niliacha kula kripsi zangu. Mama mmoja mzungu mbele yangu akaniuliza niko sawa, nikamwambia niko sawa, nadhani macho yalikuwa yananisaliti.

Edinburgh Agosti ni mwezi wa Fringe, tamasha lililoanza 1947, mji mzima unageuka jukwaa. Hela ya kuingia kwenye maonyesho sikuwa nayo nyingi, tuliona moja la vichekesho la pauni nane, nusu ya utani wa lafudhi ya Glasgow ulinipita lakini nilicheka pale watu walipocheka. Siku nyingine zote tulikuwa Royal Mile barabarani, huko ni bure, kuna jamaa anatupa visu huku yuko juu ya baiskeli ya tairi moja, akimaliza anapitisha kofia, na ukijifanya huna chenji anatoa kimashine cha kadi! Wamekubana kila upande. Tulipanda na Arthur's Seat, wengine wanauita mlima, mita 251. Sisi tuliokwenda Lushoto likizo tangu utotoni tunauita kilima na tunaishia hapo, japo nikiri kwamba nilifika juu ninahema vibaya na upepo nusura ubebe mtandio wangu. Kulala nililala sakafuni kwa shoga yangu, maana vyumba mwezi huo bei zake hazisemeki. Bila ile diskaunti ningepanda basi la usiku, na basi la usiku nimeshapanda mara moja, Victoria London kwenda juu, shingo iliuma siku tatu.

Sasa tuje kwenye kero, maana hii sio tangazo.

Kero ya kwanza ni asubuhi. Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa kumi na nusu alfajiri mpaka saa nne, kuna nauli ya chini kabisa, pauni 12. Maana yake kama tiketi yako ikipunguzwa inashuka chini ya 12 basi haipungui kihivyo, unalipa 12, na kama ilikuwa chini ya 12 tangu mwanzo unalipa bei kamili kama mtu asiye na kadi. Julai na Agosti wanaliondoa hilo sharti, na Advance haziguswi. Mimi nilipata kibarua Loughborough, asubuhi mbili kwa wiki, mwendo wa dakika kumi na kitu tu. Nikajipigia hesabu zangu kwa furaha, kumbe hesabu za bure, nauli ni ndogo kwa hiyo kadi asubuhi haina msaada wowote, muhula mzima nimelipa kamili huku kadi iko kwenye simu inanitazama. Kwa hiyo kama wewe safari zako ni fupi na za kuwahi kazini, usidanganywe na mtu, angalia kwanza.

Ya pili ni uzembe wangu, ila nawapa mjifunze. London nilikuwa nagonga kadi ya benki tu kwenye geti, twende. Karibu mwaka mzima. Siku moja tuko na binamu tunatoka British Museum (bure ile, na National Gallery bure, na Science Museum bure, mtu asikwambie London haina starehe ya mtu asiye na hela, ukibeba chapati zako kwenye begi unamaliza siku), akaniona nagonga ya benki akaniuliza Oyster yako, ile kadi ya kulipia usafiri wa London, umeunganisha na Railcard? Nikamwambia kuunganisha nini? Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kumbe unaenda na Oyster stesheni ya Tube, yaani treni za chini ya ardhi, unamwomba mhudumu aiunganishe, dakika mbili haziishi, na nje ya saa za msongamano nauli inashuka theluthi, na kile kiwango cha juu cha siku nacho kinashuka. Kwa kadi ya benki hupati. Mwaka mzima jamani. Sikutaka kupiga hesabu nimepoteza kiasi gani na sitaki hadi leo.

Ya tatu sasa ndiyo ile ya betri. Jumapili jioni natoka Manchester, kulikuwa na shughuli ya kuzaliwa ya rafiki, tumecheza singeli sebuleni mpaka majirani wakagonga ukuta, kesho yake simu sikuichaji vizuri. Tiketi nilikuwa nimeiprinti, hiyo ipo mkononi. Nabadilisha treni Sheffield simu ina asilimia nne, nikaizima data, nikaiweka mfukoni kama yai. Konda anaingia behewani, mzungu mpole tu, anaangalia tiketi, anasema na Railcard tafadhali. Natoa simu, nabonyeza, ile nembo ya tufaa ikatokea mara moja, ikazimika. Nikabonyeza tena. Nikaibana ubavuni kwenye joto kama tunavyofanya betri za rimoti. Wapi. Nikamwomba chaja jirani, soketi ya siti yetu haifanyi kazi. Konda amesimama ananisubiri, watu wanajifanya wanasoma. Akanieleza kwa upole uleule kwamba kadi isiyoonekana ni sawa na hakuna kadi, akanitolea tiketi mpya ya bei kamili, hela ambayo ingeninunulia kadi nyingine na chenji ikabaki. Siwezi kusema alikosea, masharti yameandikwa. Lakini iliniuma.

Nilivyofika nyumbani nikaandika barua pepe, nikaambatanisha picha ya kadi na risiti, baada ya wiki kadhaa nikarudishiwa. Ila hiyo huruma ni mara moja tu ndani ya miezi kumi na miwili, ukirudia umeumia. Toka siku hiyo nimejifunza kwamba kadi inaweza kukaa kwenye vifaa viwili, nikaiweka na kwenye ile tableti yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Haifai kwa kitu kingine chochote lakini hiyo kazi inaiweza.

Ucheleweshaji sitauzungumzia sana maana sio kosa la kadi. Majani yameanguka kwenye reli, treni inachelewa, kweli wanatangaza hivyo bila aibu, mimi mwanzoni nilidhani ni utani. Ila jaza fomu ya Delay Repay, ile ya kudai fidia treni ikichelewa, kila mara, kampuni nyingi zinaanza kulipa ukichelewa dakika 15, ikifika saa nzima unarudishiwa tiketi yote ya njia ile, na kuwa na tiketi ya diskaunti hakukuzuii. Kuna mwezi nilisafiri Birmingham bure kwa sababu ya majani.

Jambo ninalojilaumu zaidi ni hili. Nilipokata ile ya kwanza nilikuwa na miaka 23, ningeweza kuchukua ya miaka mitatu kwa pauni 70, ukishatimiza 24 hiyo mlango umefungwa. Nikajifanya mjanja, nikasema nijaribu mwaka mmoja kwanza. Nikalipa 30, mwaka uliofuata 30, Novemba 2025 nikalipa 35. Jumla 95. Pauni 25 zimeondoka hivihivi, kwa wenye miaka 23 kushuka chini sasa hivi ya miaka mitatu ni 80, msiwe kama mimi. Februari natimiza 26 lakini hii niliyonayo itaendelea kufanya kazi mpaka tarehe yake ya mwisho, hawakunyang'anyi siku ya besidei, na baada ya hapo ipo ya 26-30, nayo ya kwenye simu vilevile.

Nyota naipa nne. Ya tano ipo Loughborough, asubuhi. Nilimweleza mzee wa Melton Road habari za pauni 12 akasema ya kwake nayo ina masharti yake ya asubuhi huko upande wa London, lakini mzee gani anatoka kitandani saa hizo, akanipimia dengu kilo mbili akanifungia na pilipili za bure. Ijumaa naenda London kwa binamu, tiketi 15 na peni zake, siti ya dirisha, tableti ipo kwenye begi imejaa chaji.