Masasi: Panga Nyumba Kabla ya Mnada

Anayepangiwa kazi Masasi, mkoani Mtwara, huanza na swali moja: pakoje? Jibu linategemea unafika mwezi gani. Ukifika Juni utakuta asubuhi za baridi, vyumba vya kuchagua, na fundi anayekuja siku hiyohiyo. Ukifika Novemba, mji ni uleule lakini gesti zimejaa, foleni ya benki imetokeza nje ya mlango, na fundi bati hapokei simu. Katikati umeingia msimu wa korosho na minada yake. Kwa hiyo tathmini hii ya nyumba, maji, sahani na usafiri isomwe na kalenda mkononi.

Tuanze na nyumba, maana ndipo wageni wanapoumia. Dalali atakuonyesha chumba na sebule saa nne asubuhi, kivuli bado kipo na upepo unapita. Rudi peke yako saa tisa alasiri. Masasi imezungukwa na vilima vya mwamba mtupu, Mtandi na Mkomaindo vikiwamo, na nyumba iliyobanwa chini ya jiwe ina mandhari nzuri na usiku mbaya: mwamba hunywa jua mchana kutwa, ukaja kulitema wewe ukiwa kitandani. Kuanzia Oktoba hadi mvua za Desemba hilo ndilo litakalokukosesha usingizi. Angalia juu. Bati bila dari, acha. Kama dari ipo, tazama kama kuna matundu ya kupitisha hewa kwenye kofia ya paa. Dari iliyozibwa pande zote huhifadhi joto kama chungu. Madirisha yawe pande mbili zinazotazamana, na nyavu ziwe nzima. Huku kusini malaria haina mchezo, na wavu uliotoboka ukubwa wa kidole ni sawa na kutokuwa na wavu.

Uliza Luku, yaani mita ya umeme, ni ya nani. Mita moja kwa wapangaji watatu huanza kwa kuchangishana vizuri na huishia kwa kuviziana nani ana friji. Kodi hudaiwa miezi mitatu au sita mbele. Ukiomba Mei au Juni, mwenye nyumba anazungumzika. Ukiomba Oktoba unashindana na wanunuzi wa korosho, makarani wa maghala na madereva wa semi, na hao hawaulizi bei mara mbili.

Maji ya mji yanatoka chemchemi ya Mbwinji na yanahudumia pia Nachingwea. Yanasukumwa kwa mashine, kwa hiyo umeme ukikatika kwa muda mrefu, bomba nalo hufuata. Usihesabu bomba, hesabu tenki. Watu wanne wakitumia lita 40 kila mmoja ni lita 160 kwa siku. Simtanki la lita 1,000 linawapa siku sita, na ukifua siku mbili humo ndani, nne. Lakini ukubwa wa tenki ni nusu ya habari. Wengi huliweka chini kwenye tofali mbili kwa sababu mnara una gharama, kisha mpangaji anachota kwa ndoo mwaka mzima huku bafuni kuna bomba zuri lisilotoa kitu. Kitako cha tenki kiwe juu kuliko bomba la mvua la bafuni, walau kwa kimo cha mtu, ndipo maji yashuke kwa nguvu. Halafu fungua mfuniko utazame boya. Boya lililokufa halifungi maji: usiku presha ikirudi tenki hufurika, bili inakua, na ua unageuka tope. Kubadilisha ni kazi ya nusu saa, afanye mwenye nyumba kabla hujalipa.

Jambo moja ambalo madalali hawalisemi: nyumba za pembezoni zinapakana na mikorosho. Juni hadi Agosti wakulima hupuliza salfa ya unga kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, na hupuliza alfajiri ili unga unate kwenye umande. Moshi wa njano huo hauchagui mpaka. Mwenye pumu asipange huko. Wengine wafunge madirisha mpaka jua litoke na wasianike nguo usiku.

Chakula kinapata alama za juu kuliko sifa zake. Mgeni wa Dar hukimbilia chipsi, na chipsi za Masasi ni za kawaida tu. Kaa kwa mama ntilie karibu na stendi, uagize ugali wa muhogo na mbaazi za nazi. Ugali wa muhogo ni laini, unavutika, na hautaki kutafunwa sana. Ukipoa unakuwa gundi, basi usipige soga. Mbaazi nzuri zimechemshwa mpaka zikapasuka, ndipo tui zito likaingia mwisho na kuchemka mara moja. Tui likikatika na mafuta kuelea juu, jua zimepashwa za jana. Kisamvu nacho kitwangwe, kisikatwe. Cha kukatwa kwa kisu hubaki na nyuzi hata ukikipika saa mbili.

Ming'oko usiikose. Ni viazi vya porini, vyembamba kama kidole, huchimbwa na kuchemshwa kwa chumvi, vikauzwa kwa mafungu barabarani na stendi. Chagua iliyonyooka, yenye ganda linalomenyeka kwa ukucha. Iliyolala siku mbili huwa na kamba katikati, na muuzaji anajua, ndiyo maana huiweka chini ya fungu. Inua fungu lote kabla ya kulipa. Mama hatakasirika, atacheka tu.

Samaki ni upande dhaifu. Bahari iko mbali, na samaki wabichi husafirishwa kwenye barafu kutoka pwani. Wanunue asubuhi, ufunue mashavu: yawe mekundu, si ya kahawia. Mchana nunua waliokwisha kukaangwa, au rudi kwenye mbaazi.

Sasa korosho yenyewe, na hapa pana mtego wa kisheria. Korosho ghafi, yaani zenye ganda, huuzwa na mkulima kupitia chama chake cha msingi cha ushirika kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara mwaka 2007: zinapimwa, zinapelekwa ghala kuu, zinanadiwa, na malipo yanaingia benki. Kununua kwa jirani kwa bakuli, hata debe moja la kukaanga nyumbani, ndiyo kangomba inayokatazwa. Jirani mwenye shida ya ada atakuja nazo jioni, kwa bei ya chini. Usizipokee. Zilizobanguliwa nunua upendavyo.

Kuzitambua nzuri ni rahisi ukijua zinavyotengenezwa. Za mtaani hukaangwa kwenye bati au pipa lililopasuliwa. Mafuta ya ganda hushika moto, mkaangaji huzimwaga chini na kuzifunika mchanga, kisha zinapasuliwa moja moja kwa kigongo, mikono imepakwa majivu kwa sababu mafuta hayo huunguza ngozi. Moto ukizidi, kiini hunuka moshi na huwa na mabaka meusi. Ukipungua, ganda la ndani halitoki, korosho inabaki na ngozi nyekundu yenye ukakasi. Vunja moja kwa vidole: ikatike kwa sauti. Inayopinda imekula unyevu na itaota ukungu ndani ya wiki. Tazama pia vitundu vidogo kama vya sindano. Hivyo ni vya mdudu, na mwenzake yumo ndani ya mfuko.

Kuhusu bei, piga hesabu hii. Kilo moja ya kiini hutoka kwenye kilo nne hadi tano za ghafi. Chukua bei ya mnada wa wiki hiyo, zidisha mara nne, ongeza kazi ya watu. Anayekuuzia chini ya hapo ana za msimu uliopita, au vipande vilivyofunikwa kwa nzima chache juu ya mfuko. Vipande havina ubaya wowote kwa kusaga au kuunga mboga, ila visilipiwe bei ya nzima. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye mfuniko, si kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa fundo.

Fedha za mnada zikitoka mji hubadilika ndani ya siku chache: pikipiki mpya, bati, saruji, mashine za fedha tupu kufika mchana. Mwenye mshahara atoe fedha mapema asubuhi, na vifaa vya ujenzi avinunue Septemba. Malipo yakichelewa, madaftari ya mikopo dukani hunenepa na kila biashara husimama. Wenyeji wanaukumbuka msimu wa 2018, serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kilo na minada ikasimama.

Usafiri ndani ya mji ni bodaboda na bajaji. Patana kabla ya kupanda. Nje ya mji Masasi ina bahati ya njia panda: Nachingwea kaskazini, Newala juu ya uwanda wa Makonde, Mangaka na Tunduru magharibi hadi Songea, na kupitia Mangaka unafika Daraja la Umoja kuvuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji. Njia hiyo ya Songea ina thamani zaidi ya inavyodhaniwa. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika maeneo ya Somanga, na mwenye haraka ilimbidi azunguke huko. Kwa matibabu kuna hospitali ya Mkomaindo hapohapo mjini na ya wamisionari Ndanda, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kuelekea Mtwara.

Kelele? Msimu wa jando na unyago ngoma hukesha, na jirani mpya hutarajiwa kuchangia kidogo na kufika. Nenda. Ukilalamika usiku wa ngoma, asubuhi hutapata wa kukuazima ngazi ya kukagua boya.

Na mkataba wa nyumba, ukisaini wa miezi sita, usaini Juni kisha uongeze Septemba kabla haujaisha. Unaoisha Desemba unakukuta mvua inaanza, gesti zimejaa, na mwenye nyumba ameshaahidi chumba chako kwa karani wa ghala.