Kliniki ya meno, Sinza: pakiti ya vifaa inafunguliwa mbele yako

Nawaandikia hasa wenzangu tunaoishi na VVU na kutumia dawa zake. Wengi wetu tunakaa na jino bovu muda mrefu, tunaogopa watu wa mapokezi kuliko koleo lenyewe. Kliniki hii ndogo, iliyo juu ya duka la dawa, naipa nyota nne kati ya tano.

Kwenye fomu niliandika wazi kwamba nina VVU. Daktari akasoma, akauliza natumia dawa zipi, kama nikijikata damu huchelewa kukata, na kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi kilisemaje. Nikamwambia kwenye kipimo havionekani. "Safi sana dada, hebu fungua mdomo." Alivaa glavu jozi moja, barakoa na miwani, vilevile nilivyomwona amevaa kwa mzee aliyenitangulia.

Pakiti ya vifaa ilifunguliwa nikiangalia. Juu yake kuna utepe wenye mistari, nesi akanionyesha: ikishapita kwenye mashine ya mvuke, nyuzi joto 134, mistari inageuka myeusi. Isipogeuka, pakiti inarudishwa, haimfikii mgonjwa. Sindano ya ganzi ilikuwa mpya, na baada ya kunichoma ikaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha njano.

Kuna kwingine, sipataji, waliposoma fomu yangu waliniambia nirudi jioni niwe wa mwisho, ili wapate nafasi ya kusafisha vizuri. Iliniuma sana. Na jamani, kama usafi wa kweli unafanyika baada yangu tu, waliokalia kile kiti asubuhi walisafishiwa nini? Wapo wasiojua hali zao, na wapo wenye homa ya ini. Mhudumu akichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama asilimia 0.3, na akiwahi dawa za kinga ndani ya saa 72 unapungua zaidi. Homa ya ini B kwa ambaye hajachanjwa inaweza kufika asilimia 30. Anayejikinga kwa mgonjwa aliyejitaja peke yake anahatarisha wagonjwa wote, na yeye mwenyewe. Tena Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kabisa kutubagua.

Gego langu liling'olewa kwa 40,000, kidonda kikapona bila shida. Jumamosi foleni ni ndefu, wahini mapema.

Nyota moja nimeibana kwa sababu ya fomu. Unaijaza umesimama kaunta, na aliye nyuma yako anasoma kila unachoandika. Nimewaomba waweke ubao wa kuandikia mtu akajaze amekaa pembeni. Dada wa mapokezi alinisikiliza vizuri, ila mara ya mwisho nilipopita bado watu walikuwa wanajazia palepale.