Masalo ya genge la Makorora: nimekula, niko mzima

Masika yalipomaliza nyanya zangu za uani nikahamia genge moja hapa Makorora. Mama muuzaji hupokea matenga ya Lushoto na kuchambua mwenyewe alfajiri: nzima juu ya meza, zenye dosari, yaani masalo, kwenye beseni la bluu chini. Beseni ndilo lililonivuta. Jumamosi sado ya nyanya nzuri ilikuwa shilingi 6,000, ya masalo 2,000.

"Shikamoo mama, hizi zina ugonjwa. Zinalika?"

"Marahaba mwanangu. Ugonjwa wa nyanya haumpati mtu. Hebu nipe hicho kisu."

Ya kwanza kitako cheusi, kikavu kama soli ya kiatu. Hiyo hata si ugonjwa, mmea umekosa kalsiamu, mara nyingi kwa kumwagiliwa leo na kusahauliwa kesho (hapo nilinyamaza, najijua). Akakata kitako, iliyobaki akanipa nionje. Tamu. Ya pili ilikuwa na baka la kahawia, gumu, limezama ndani: ukungu, ule ule uliomaliza zangu. Akakata na kipande kizima cha pembeni, akaniambia niipike siku hiyo hiyo. Ya tatu, kijitundu karibu na kikonyo. Kuipasua, kantangaze, yule kiwavi wa nyanya, bado yumo anajipitia. Ikaenda kwa kuku.

Lawama ninayo. Nilipomwaga sado nyumbani, chini kabisa nikakuta nne zimelainika, zinatoka maji, moja imeota manyoya meupe. Ya namna hiyo hukati ukala upande mzuri, maana nyanya ni laini na kuvu hupenya hata usikoona. Nilitupa zote nne, mke wangu akiguna.

Tena mama muuzaji alinishauri nichemshe rojo nifunge kwenye chupa, nitunze hadi Ramadhani. Hapo simfuati. Nyanya yenye ukungu uchachu wake hupungua, na ndani ya chupa iliyofungwa uchachu ndio unaowazuia bakteria wanaotengeneza sumu, sumu isiyo na harufu wala ladha ya kukushtua. Yangu nimeikaanga na vitunguu, nusu tumelia ugali na dagaa, nusu nimeigandisha.

Nyota nne kati ya tano. Fika kabla ya saa mbili, mama lishe hulikomba beseni lote. Na ukimwaga, mwagia kwenye sinia palepale gengeni, mbele yake. Hakasiriki, anabadilisha.