Mafuta Gani ya Kujipaka Ununue Ukiwa Mombasa: Kuanzia Ninayoyaamini Hadi Nisiyoyagusa

Mwaka juzi, mwezi wa Februari, nilinunua kopo la krimu kwa sababu ya sifa tu. Wanunuzi chungu nzima walikuwa wameipa nyota tano, kila mmoja akisema ngozi yake imelainika kama ya mtoto mchanga. Siku ya tatu harara ilinitoka kuanzia shingoni hadi kifuani. Mama mkubwa akanitazama, akauliza, "We, nani kakupika?" Niliporudi kuzisoma zile sifa kwa utulivu ndipo nikaona nilichokiruka: mmoja alitaja theluji, mwingine alilalamikia hita inayomkausha ndani ya nyumba, wa tatu alikuwa Nairobi mwezi wa Julai. Krimu haikuwa na kosa. Haikuwa tu ya mtu anayetoka jasho akiwa amekaa.

Kwa hiyo mpangilio huu ni wa Mombasa, ambako Machi joto hufika nyuzi 32 au 33 na hewa imeshiba maji. Ngozi yetu haipotezi maji kwa kasi kama ya watu wa bara. Tatizo letu kubwa ni mafuta mazito kukaa juu ya jasho. Nimemfikiria mtu mwenye ngozi isiyo na maradhi, anayevuka feri Likoni au anayetembea Digo Road saa saba mchana. Mwenye ukurutu au ngozi iliyochubuka aanze kwa daktari, asianze kwangu.

1. Losheni nyepesi yenye gliserini

Hii ndiyo ningemwambia mtu anunue kama ana pesa za chupa moja tu. Geuza chupa usome viungo. Huandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kikitangulia. Ukiona maji ya kwanza na gliserini ya pili au ya tatu, hiyo ni losheni ya kazi. Ukikuta gliserini mwisho kabisa, baada ya manukato, ujue umeuziwa harufu.

Gliserini huvuta maji na kuyashikilia kwenye ngozi, na hewa ya pwani ina maji ya kuvutwa. Ndiyo sababu losheni ambayo mtu wa bara ataiita nyepesi mno, huku inatosha. Jipake ukitoka kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu, usingoje ukauke. Isiyo na manukato ni bora zaidi kwa shingo na kwapa.

Mwenye bajeti ndogo anunue gliserini tupu kwenye duka la dawa, aizimue kwa maji safi au kwa marashi ya mawaridi, kidogo kidogo, ya kutumia siku mbili tatu. Usiipake bila kuizimua. Inanata, na vumbi la tuktuk litakuganda mpaka nyumbani.

2. Mafuta ya nazi

Najua nitagombana na watu hapa. Nyumbani kwetu kuyaweka mafuta ya nazi nafasi ya pili ni karibu na utovu wa adabu. Nimekulia kwenye harufu yake: nazi za Kongowea zikunwe kwa mbuzi, zikamuliwe tui zito, tui lichemke taratibu hadi maji yaishe na mafuta yajitenge na yale mabaki ya kahawia. Kwa nywele sijaona mshindani, kwa sababu mafuta haya huingia ndani ya unywele wenyewe badala ya kuupaka kwa juu tu. Kwa miguu, viwiko na magoti yaliyopauka, ni mazuri pia.

Usoni ndipo ninaposita. Mwenye chunusi akiyapaka usoni huziba vinyweleo, na joto humalizia. Pia yana tabia ya kuhamia kwenye leso na kwenye kola ya kanzu, na doa lake halitoki kwa kusuguliwa mara moja.

Kabla ya kununua chupa isiyo na jina, fanya jaribio hili. Mafuta ya nazi huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi. Ndiyo maana huku yako majimaji karibu mwaka mzima, na ukimpelekea dada yako Nairobi atakupigia simu kwamba yameharibika, kumbe yameganda tu. Weka kidogo kwenye friji. Yakiganda yote meupe, vizuri. Yakibaki majimaji, au yakigawanyika tabaka mbili, kuna mafuta ya kupikia humo ndani. Yanuse pia: harufu ya moshi maana yake yameungua jikoni, na harufu ya uchachu maana yake yamekaa sana.

3. Mafuta ya shea

Yale ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, na ndiyo ninayoyapenda. Ya mwanamke mjamzito kwa tumbo, ya visigino, ya mikono ya anayefua kila siku. Kwa mwili mzima ni mazito. Nunua kopo dogo.

4. Jeli ya petroli

Vaseline ilipewa hataza Marekani mwaka 1872, na tangu hapo hakuna aliyeibadilisha kimaana. Hailishi ngozi chochote. Inafunika tu, maji yaliyomo yasitoke. Kwa hiyo ni nzuri kwa midomo, kwa visigino chini ya soksi usiku, na kwa mtoto anayechubuliwa na nepi. Miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, hata mimi huipaka miguuni. Kaskazi ikivuma naifungia kabatini. Mpake mtoto jeli mwili mzima mwezi wa Februari, halafu hesabu vipele jioni.

Kuhusu jeli hii sifa za wateja hazinisaidii hata kidogo, kwa sababu mtu hamsifu mtengenezaji, anamsifu nyanya yake. Ni kama ile filamu ya sikukuu inayorudishwa kila Disemba ikiwa na jalada jipya: wanaoipa nyota tano waliitazama wakiwa na umri wa miaka minane, wamelala kwenye mkeka, baba yao akiwa bado hai. Hiyo si tathmini ya filamu. Na kopo la jeli lenye picha ya zamani huuzwa kwa kumbukumbu hiyohiyo.

Liwa, ule unga wa mti wenye harufu nzuri, sikuiweka kwenye orodha kwa sababu haifanyi kazi hiyo. Inapoza na kunukia, lakini ikikauka inakausha. Ukiiosha, bado utahitaji kitu kutoka nambari moja.

Mafuta ya kukinga jua

Haya hayashindani na hayo mengine. Yananunuliwa pamoja nayo. Nimechoka kusikia kwamba mweusi hayahitaji. Weusi unakinga kiasi, lakini yale madoa yanayobaki chunusi ikipona, na yale mabaka ya mashavuni baada ya uzazi, jua ndilo linaloyakoleza. Mtu ananunua krimu ya kuondoa madoa kwa bei ya mbuzi, kisha anatoka kichwa wazi.

SPF ni kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye chupa. SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya miale inayounguza, na SPF 50 karibu asilimia 98. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo usifilisike kwa ajili ya namba. Kinachowaangusha wengi ni kipimo: kwa uso na shingo, jaza mafuta kwenye urefu wa vidole viwili, na urudie kila saa mbili ukiwa juani au ukitoka baharini. Yenye zinki huacha weupe kama wa mtu aliyeangukiwa na unga. Jaribu kwanza mkononi ukiwa dukani, karibu na mlango penye mwanga. Kwa ndugu zetu wenye ualbino haya si vipodozi, ni dawa, na yanapatikana kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Nisiyoyagusa

Chochote kinachoahidi kung'arisha ngozi kwa wiki moja. Ngozi ya juu huchukua kama mwezi kujibadilisha, kwa hiyo anayesema wiki amechubua, hakutibu. Ndani huwa kuna zebaki, ambayo huharibu figo, au hidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha mabaka ya rangi ya samawati nyeusi yasiyofutika, au klobetasoli, dawa ya kuandikiwa na daktari inayoifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Krimu zenye zebaki na hidrokwinoni zimepigwa marufuku Kenya, lakini hazijakosa wauzaji. "Dadangu, hii si ya kujichubua, ni ya kurudisha rangi yako tu," aliniambia muuzaji mmoja, akitoa kopo chini ya meza. Nilitaka kumuuliza rangi yangu imekwenda wapi.

Bidhaa ikiwa na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na namba ya kibali, andika SM# ukifuatisha namba hiyo, utume kwa 20023. Jibu likija na jina la bidhaa tofauti na unayoishika, rudisha kwenye rafu.

Ukizisoma sifa za wengine

Mimi sasa huuliza mambo matatu tu: anaishi wapi, aliandika mwezi gani, na ametumia muda gani. Aliyeandika baada ya siku moja amesifu harufu na kopo. Natafuta nyota tatu, si tano wala moja, kwa sababu wa nyota tatu ndiye anayesema "nzuri lakini inanata mchana". Hilo neno mchana lina thamani kuliko sifa ishirini. Hata wa Malindi au Tanga akisema jambo, nampa uzito kuliko wa London.

Na usiniamini mimi pia. Paka kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, ngoja siku mbili.

Bei linganisha kwa ujazo. Chupa ya mililita 400 kwa shilingi 600 ni shilingi 150 kila mililita 100. Ya mililita 200 kwa 380 ni 190, hata kama kwenye rafu inaonekana rahisi. Hesabu hii inafaa zaidi Idd na Krismasi zikikaribia, wakati losheni ileile inapofungwa kwenye sanduku lenye utepe pamoja na sabuni ndogo ambayo hakuna aliyeiomba. Mimi hungoja Januari, masanduku yakishushwa bei, na kabla ya kulipa natazama tarehe chini ya chupa na ile alama ya kopo lililofunguliwa: 12M maana yake miezi 12 tangu siku unayolifungua.