AA baada ya hospitali: uzoefu wangu na huduma hii kwa anayetaka kuacha pombe

Hospitali kwanza, mikutano baadaye. Ndivyo ninavyomjibu kila anayeniuliza kuhusu Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ambayo wengi tunaiita AA tu. Naipa nyota 4 kati ya 5, na nitaeleza ile moja imebaki wapi. Lakini lazima nianzie mahali ambapo AA yenyewe haifiki. Hawana daktari, hawana dawa, hawana kitanda. Mtu aliyekuwa akinywa kila siku akitoka kilabuni na kwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mkutano, hatari yake kubwa iko ndani ya siku tatu au nne zinazofuata, na hakuna neno la faraja litakaloizuia.

Watu huogopa arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa kilevi ulichokizoea, ya heroini na kuichukulia ya pombe kama jambo la kuzimua asubuhi yakaisha. Arosto ya heroini inatesa vibaya, ila ni nadra kumuua mtu mzima ambaye hana ugonjwa mwingine. Ya pombe inaua. Huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho: jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, usingizi kupotea, mikono kutetemeka. Degedege, ikija, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne, wachache huingia kwenye kuweweseka: anafukuza wadudu wasioonekana kwenye shuka, anaongea na watu ambao hawapo, hajui yuko wapi, mwili unachemka. Hapo ndipo familia nyingi husema amepandisha majini, akapelekwa kwa mganga au kwenye maombezi, na saa za kumwokoa zikapita. Ombeni, lakini ombeni mkiwa wodini.

Kuna kipimo kidogo cha nyumbani ninachokiamini. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele yake, viganja vikitazama chini, vidole vimeachana. Mwekee karatasi nyepesi juu ya vidole. Mtetemeko ambao jicho halikuuona utauona kwenye kingo za karatasi. Ikichezacheza, na mtu huyo hajanywa tangu jana, asiendelee kukaa nyumbani. Vilevile asijaribu kuacha nyumbani anayelazimika kuzimua ndipo aweze kushika kikombe cha chai, aliyewahi kupata degedege alipoacha, mjamzito, mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa ini au wa moyo. Kama hospitali iko mbali na safari ni kesho, asikate pombe ghafla usiku huu. Apunguze kidogo kidogo na awe na mtu wa kukaa naye mpaka afikishwe. Najua sentensi hiyo inawaumiza akina mama walioomba miaka mingi chupa imwagwe, lakini kumfungia mlevi wa kila siku chumbani bila dawa ni kumweka kwenye hatari ya kifo.

Hospitalini, msaidizi wa mgonjwa afuatilie mambo mawili. La kwanza ni diazepamu, dawa ya kutuliza, au nyingine ya jamii yake, kwa ratiba inayopunguzwa taratibu, kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi. Isinunuliwe duka la dawa na kugawiwa nyumbani kwa kukisia, kwa sababu ikikutana na pombe inaweza kuzima pumzi. La pili ni thiamini, yaani vitamini B1. Mnywaji wa muda mrefu hula kidogo na tumbo lake halinyonyi vizuri vitamini hiyo. Akitundikiwa dripu ya glukosi kabla ya kupewa thiamini, mwili hutumia kiasi kidogo kilichobaki na ubongo unaweza kuumia: macho yanakosa mwelekeo, mwendo unayumba, kumbukumbu inapotea, na mara nyingine hairudi. Uliza kwa adabu tu: "Daktari, thiamini ameshapata?" Kwa Kenya, namba ya 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bure na wanaelekeza pa kwenda. Hospitali ya Mathari iko Nairobi. Kwa Tanzania zipo hospitali za Muhimbili, Dar es Salaam, na Mirembe kule Dodoma. Usisubiri kwenda kwenye hizo kubwa kama mtu ameshaanza kuweweseka. Hospitali ya karibu yenye daktari ndiyo sahihi.

Sasa AA. Ilianza mwaka 1935 huko Akron, jimbo la Ohio, Marekani, pale Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote wawili walevi, walipogundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake siku inapita bila kunywa. Hadi leo kiini cha huduma ni hicho. Hakuna ada wala fomu, na hakuna anayekuuliza jina la ukoo. Sharti la kuingia ni moja: uwe na nia ya kuacha kunywa. Kikapu hupitishwa na mwanachama hutoa alichonacho, maana kikundi hakipokei misaada ya nje. Mgeni anaweza kukipitisha bila kutia kitu. Mkutano huchukua saa moja hadi moja na nusu. Mtu anaongea, wengine wananyamaza. Hakuna kumkatiza, kumjibu wala kumshauri papo hapo. Mgeni anayetarajia kuhojiwa hushangaa kuona anaweza kukaa, akanywa chai yake, akaondoka bila kutamka neno.

Anayekwenda mara ya kwanza aulize kwanza kama mkutano ni wa wazi au wa ndani. Wa wazi anaweza kuja na dada yake au mchungaji wake. Wa ndani ni kwa wenye tatizo lenyewe. Aulize na lugha, kwa sababu miji mikubwa ina vikundi vinavyoendeshwa kwa Kiingereza, na mtu hawezi kueleza aibu yake kwa lugha ya ofisini. Asihukumu kwa kikao kimoja. Nashauri vikundi vitatu tofauti kabla ya kusema haifai. Miezi mitatu ya mwanzo ahudhurie mara nyingi kadiri nauli inavyoruhusu, na palipo mbali kuna mikutano ya mtandaoni.

Wengi hupuuza sponsa, nami naona hapo ndipo thamani yote ilipo. Sponsa ni mwanachama mkongwe anayekupitisha katika hatua 12 za AA za kuacha pombe na anayepokea simu yako kabla ya chupa, si baada yake. Awe wa jinsia yako kama unavutiwa na jinsia nyingine, awe na mwaka au zaidi bila kunywa, na asiwe bosi wala mdeni wako. Mpigie kila siku hata kama huna la kusema, ili siku ya hatari kidole kiwe kimeshazoea. Hamu ya kunywa hupanda na kushuka. Mara nyingi nusu saa inatosha ipungue. Kabla ya kupiga jiulize: nina njaa, nina hasira, niko mpweke, au nimechoka? Sahani ya ugali imezuia vinywaji vingi kuliko viapo.

Kuhusu dini, hatua hizo zinataja Mungu kwa jinsi kila mmoja anavyomwelewa. Mikutano mingi hufanyikia kwenye kumbi za kanisa, na kuna Waislamu wanaosita kwa sababu hiyo. AA si kanisa na haina uhusiano na dhehebu lolote. Ukumbi umekodiwa au umeazimwa tu.

Je, inafanya kazi? Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Yaligundua kwamba programu za kitaalamu zinazomwelekeza mgonjwa kwenye AA na kumfuatilia huzidi tiba nyingine, kama ile ya kubadili fikra na tabia, katika kumfanya mtu akae bila kunywa kabisa. Zingatia neno "kumfuatilia". Kumpa mtu anwani na kumwachia si kitu kilekile.

Nyota niliyoizuia ni ya dawa. Katika baadhi ya vikundi utasikia mwanachama akimwambia mwenzake kwamba anayemeza vidonge hajaacha kweli. Huo si msimamo wa AA. Mwongozo wao unakataza mwanachama kujifanya daktari. Naltreksoni, kwa kawaida miligramu 50 kwa siku, hupunguza raha na hamu ya pombe, ila haitolewi kwa anayetumia tramadoli, kodeini au afyuni nyingine. Akamprosati, dawa nyingine ya kumsaidia mtu asirudie pombe, inataka figo zipimwe kwanza. Zote mbili ziliingizwa mwaka 2023 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ingawa kuzipata bado kunataka kuulizia sana. Dawa ya tatu, disalfiramu, haipunguzi hamu. Aliyeimeza akinywa pombe, uso unamwiva, anatapika na moyo unampiga kwa nguvu, na athari inaweza kudumu hadi wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Wake na mama wanaoitia kwenye chai kwa siri, tafadhali waache leo. Shinikizo la damu linaweza kuporomoka na mtu akafa mezani kwenu. Anayeimeza kwa hiari yake naye asome chupa za dawa ya kikohozi, nyingine zina alkoholi.

Akiteleza, arudi mkutanoni siku hiyohiyo, hakuna anayefukuzwa. Kama alikuwa amekaa miezi bila kunywa, kipimo chake cha zamani sasa ni sumu kwake, kwa hiyo asiachwe alale chali peke yake. Alazwe ubavu, na mtu akeshe naye. Kama alichokunywa ni gongo au chang'aa na analalamika kwamba haoni vizuri, hiyo huenda ni methanoli, alkoholi yenye sumu inayoweza kupofusha: hospitali mara moja, bila kungoja kukuche.

Na wewe uliyesoma kwa ajili ya mumeo, kaka yako au mama yako, una kikao chako. Kinaitwa Al-Anon, ni cha ndugu wa walevi, na unaweza kwenda hata kama yeye bado anakunywa.