F-POD: sikio zuri la chini ya maji, lakini halimtambui mama anayenyonyesha

F-POD ya Chelonia Limited, kampuni ya Uingereza, ni kifaa kinachotegwa baharini kunasa milio ya pomboo, na ndiyo iliyorithi nafasi ya C-POD, kifaa cha awali cha kampuni hiyo. Wengi huinunua wakitaka kujua pomboo butu (Phocoena phocoena, yule mfupi asiye na pua ndefu) hulea watoto wake sehemu gani ya pwani, na huko anakula nini. Swali la kwanza kifaa kinalijibu nusu. La pili hakiliwezi, na anayekinunua kwa ajili hiyo atapoteza msimu mzima.

Kazi yake halisi inaifanya vizuri sana. Pomboo huyu hutafuta njia na chakula kwa milio mifupi ya kilohezi 130 hivi, juu kabisa ya uwezo wa sikio la binadamu. F-POD hairekodi sauti nzima. Huandika sifa za kila mlio tu, yaani wakati, masafa, urefu na nguvu, na kwa sababu hiyo betri zake hudumu kwa miezi. Kisha programu yake huchambua milio hiyo na kutafuta ile inayofuatana kwa mpangilio. Thamani ya njia hii ilionekana katika SAMBAH, mradi wa utafiti wa pomboo hawa, uliotega C-POD kwenye vituo 304 katika Bahari ya Baltiki kati ya 2011 na 2013. Ulionyesha kwamba wakati wa kiangazi, majira ya kuzaa, pomboo wachache wa Baltiki ya kati hukusanyika kwenye vilima vya chini ya maji vya Midsjö, kusini mwa kisiwa cha Gotland, Uswidi. Kuwahesabu kwa macho kutoka melini kusingeweza kufichua jambo hilo, maana ni wachache mno.

Shida huanza pale mtu anapotaka kutofautisha mama na wengine. Hakuna alama kwenye data inayosema mlio huu ni wa jike anayenyonyesha. Zaidi ya hapo, kipimo kinachotumiwa sana kama dalili ya kula ni mvumo: milio inayosogeleana hadi nafasi kati yake inashuka chini ya milisekunde 10, kama afanyavyo pomboo anapomkaribia samaki. Lakini mama na mtoto huitana kwa milio ya kasi kama hiyo hiyo. Kwa hiyo mahali pa malezi ndipo hasa hesabu ya “ulaji” inapoweza kuvimba bila samaki hata mmoja kuliwa. Usihesabu tu, fungua misururu yenyewe ya milio uitazame. Mvumo wa kuwinda kwa kawaida hutanguliwa na milio ya polepole inayokaza hatua kwa hatua. Wito wa mama na mtoto mara nyingi huanza ghafla ukiwa tayari na kasi. Kazi hii inachosha, na hairukiki.

Kuhusu chakula chenyewe, hakuna hidrofoni (kinasa sauti cha chini ya maji) itakayokuambia kama ni samaki aina ya heringi au gobi. Hilo linatoka kwenye matumbo ya waliokufa ufukoni, kwa kutambua mawe ya masikio ya samaki na mabaki magumu mengine. Kwa mtoto chunguza pia maganda ya uduvi na krili, kwa kuwa hivyo vinaweza kuwa miongoni mwa vyakula vyake vya kwanza anapoanza kujaribu vitu vigumu huku bado ananyonya. Ukipima isotopu za naitrojeni (aina za atomi za naitrojeni mwilini zinazodokeza mnyama anakula nini), kumbuka kwamba anayenyonya anakula kutoka mwilini mwa mama yake, hivyo thamani yake hupanda juu ya ya mama. Asiyejua hilo atadhani mtoto anakula samaki wakubwa.

Utegaji nao una masharti yake. Kifaa kielee wima, hidrofoni ikiwa juu, kikivutwa na boya dogo lililo chini ya uso wa maji. Karibu nacho tumia kamba, si mnyororo, kwa sababu chuma kinachogongana hujaza kumbukumbu kelele. Mchanga unaosukumwa na mkondo hufanya vivyo hivyo: ukiona milio ikifurika kila maji yanapokwenda kasi, inua kifaa mbali na sakafu, na uziondoe dakika zilizojaa kelele kabla ya kulinganisha kupwa na kujaa. Usipofanya hivyo utaandika kwamba pomboo hukimbia mkondo, kumbe milio yao ilizimwa na kelele. Weka betri mpya zote za aina moja. Futa pete ya mpira inayozuia maji kuingia, ipake grisi ya silikoni kidogo tu, na uikague: unywele mmoja unatosha kuingiza maji. Saa iwe ya UTC, yaani saa ya kimataifa, siku zote.

Umbali wa kusikia ni mfupi, mita mia chache tu, tena mlio wa pomboo ni mwembamba kama mwanga wa tochi. Aliyekupa mgongo hasikiki. Kituo kimoja hakielezi ghuba nzima. Na usiunganishe mfululizo wa miaka ya C-POD na wa F-POD bila kuvitega pamoja kwanza, kwa kuwa F-POD husikia zaidi, hasa mivumo, na ongezeko litaonekana kama wanyama wameongezeka.

Tunaipa alama nne kati ya tano, kwa sharti kwamba iambatane na mtazamaji aliye juu ya jabali. Atazame bahari inapokuwa tulivu, Beaufort 2 (kwenye kipimo cha nguvu ya upepo) au chini yake, darubini ikiwa kwenye miguu mitatu, na aandike kila jozi: mtoto mwenye takriban nusu ya urefu wa mama, akiogelea ubavuni mwake, nyuma kidogo. Saa ya mtazamaji na ya kifaa zilingane kwa sekunde, la sivyo jozi iliyoonekana haitaweza kufungwa na mlio uliosikika.