Supachaja kwenye Toyota 86 ya Nairobi: kwa nini niliacha tabo

Toyota 86 yangu ni ya mwaka 2013, gia za mkono, mtumba kutoka Japani. Injini ni FA20 ya Subaru: silinda nne zilizolala, cc 1998, nguvu farasi 200 kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika. Farasi hao 200 walipimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu, presha ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa, na injini isiyosukumiwa hewa inavuta hicho hicho ilichokikuta. Piga hesabu, unabaki na farasi 165 hivi. Ukipanda Limuru, ambako kimo kinapita mita 2,000, wanapungua tena.

Kwa hiyo mtu wa Nairobi anayetaka kuongezea 86 hewa, iwe kwa supachaja (kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini) au kwa tabo (inayozungushwa na moshi wa ekzosi), sehemu ya kwanza ya pesa zake inaenda kurudisha kile ambacho mlima umeshachukua. Jambo hili sikuliona limeandikwa kwenye tangazo la seti yoyote, na kwangu ndilo lililoamua karibu kila kitu.

Halafu kuna lile shimo. Kila mwenye 86 analijua: kati ya mizunguko 3,000 na 4,500 hivi unakanyaga mafuta na gari inakuwa kama haijakusikia. Mjini unavumilia. Kwenye barabara ya Mai Mahiu, nyuma ya lori la kontena, nafasi ya kupita ikiwa ndogo, shimo hilo ndilo linaamua kama unapita au unarudi kwenye foleni.

Kabla ya kununua chochote nilizunguka kwa mafundi. Mmoja wa Industrial Area, mzee ambaye amefunga tabo nyingi sana kwenye Subaru, alinisikiliza nikimsomea nguvu zilizotajwa na watengenezaji, kisha akanikatiza: "Kijana wangu, hizo namba za Marekani ziache huko huko. Niambie unaendesha wapi, na nani atakuwekea programu ya kompyuta ya injini." Sijapata ushauri bora kuliko huo.

Njia zilizopo ni tatu. Ya kwanza ni supachaja ya kukaa juu ya injini, yenye rota mbili za kampuni ya Eaton, aina ya TVS. Harrop ya Australia na Edelbrock ya Marekani zote ziliitengenezea gari hii seti zenye TVS 1320, yaani lita 1.32 za hewa kwa kila mzunguko. Nimeendesha gari ya rafiki yenye aina hii, na lile shimo sikulikuta. Inasukuma tangu chini kabisa, gia ya tatu inapanda mlima bila kuombwa. Kama gari yako ni ya kazini na nyumbani, Ngong Road asubuhi na jioni, chukua hii bila kusita. Iliyonishinda ni bei, pamoja na kwamba hewa yake inapozwa kwa maji, maana yake pampu nyingine, rejeta nyingine na mabomba mengine ya kuangalia.

Tabo ilinipa kazi zaidi ya kuamua, kwa sababu huku juu ina hoja nzito na ni haki niiseme. Supachaja ya mkanda inazidisha hewa iliyoikuta. Tuseme inazidisha mara 1.55. Mombasa, hewa ya nje ni psi 14.7 (psi ni kipimo cha presha), kwa hiyo geji itasoma kama psi 8 juu ya hapo. Nairobi hewa ya nje ni psi 12, na geji ile ile itasoma psi 6.6. Puli ni ile ile, mkanda ni ule ule, lakini umepoteza mara mbili: hewa ya kuanzia ni kidogo na nyongeza yake nayo ni kidogo. Tabo haifungwi na mzunguko wa injini. Westigeti (vali inayopunguza moshi unaoizungusha tabo) yenye springi ya psi 7 itakupa psi 7 juu ya hewa ya nje popote ulipo, na ukiweka kompyuta inayosoma presha kamili, yaani hewa ya nje na nyongeza kwa pamoja, tabo itazunguka kwa kasi zaidi hadi ifidie kimo chote, mradi haijafika mwisho wa uwezo wake. Ndiyo maana mashabiki wa Subaru hapa mjini hawasikitikii mlima kama sisi.

Sasa tazama injini yenyewe. Injini ya EJ207 ya Subaru STI ilizaliwa na tabo, mbano wake (kiasi inavyobana hewa ndani ya silinda) ni 8 kwa 1. FA20 ya 86 ina mbano wa 12.5 kwa 1, kwa kuwa ilitengenezwa ivute hewa yenyewe. Ukiisukumia hewa nyingi na mafuta yakawa si mazuri, inaanza kugonga, yaani mafuta yanajiwakia yenyewe ndani ya silinda. Konrodi zake, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, pia ni nyembamba. Kinachokunja konrodi ni mvuto (torque) mkubwa unaokuja ghafla mizunguko ya katikati, na hapo ndipo tabo nyingi za seti za 86 zinapoamkia. Mwekaji programu makini anaweza kuituliza, lakini unakuwa umenunua tabo halafu unamlipa mtu aifunge breki.

Joto nalo. Kwenye seti nyingi za tabo za gari hii, tabo inakaa mbele, chini, jirani na rejeta na sampu ya oili. Asubuhi ya mvua Thika Road, gari zimesimama kuanzia Roysambu, joto hilo lote linabaki chini ya boneti. FA20 tayari inajulikana kwa kupandisha joto la oili ikiendeshwa kwa nguvu. Sikutaka kuiongezea mzigo huo.

Nilichochagua ni njia ya tatu: supachaja ya feni, yenye kompresa ya Rotrex C30 kutoka Denmark. Ndani yake hakuna gia zenye meno. Puli inazungusha bangili ya chuma inayobana rola, na rola zinazungusha shafti ya feni zaidi ya mara tisa kwa kila mzunguko mmoja wa puli, kwa kushikana tu, katikati kukiwa na oili maalumu. Oili hiyo ina tangi lake na rejeta yake ndogo, haichanganyiki na ya injini. Hilo lilinipendeza sana: injini ikichafua oili yake, kompresa haijui. Lakini usikubali fundi akujazie oili ya giaboksi "kwa muda" ile maalumu ikiisha. Oili ya kawaida inateleza, na hii kazi yake ni kushika. Agiza chupa ya akiba pamoja na seti.

Kuhusu kuagiza sisemi mengi. Usafiri wa ndege, ushuru, VAT ya asilimia 16, wakala wa forodha, unajua mwenyewe. Seti yenyewe ilikuwa zaidi kidogo ya nusu ya gharama yote. Iliyobaki ilikula klachi, kipoza oili cha injini, plagi za baridi zaidi (zinazotoa joto haraka), kazi ya fundi na programu. Boksi lilifika bila boliti mbili za bano linaloshika kompresa, na muuzaji alichelewa kujibu, kwa hiyo zikachongwa kwa mashine Industrial Area. Fungua boksi na uhesabu kila kitu siku linapofika, hata kama utafunga mwezi ujao.

Na kabla hujafungua boneti: mwishoni mwa 2018 Toyota na Subaru waliyaita baadhi ya magari ya 2012 na 2013 yarudishwe kwa sababu ya springi za vali zinazoweza kukatika. Mitumba mingi tuliyo nayo ni ya miaka hiyo. Tafuta kwa namba ya chesi kama yako ilihusika na kama ilirekebishwa. Kusukuma hewa kwenye injini yenye springi hizo ni kuitafutia kaburi.

Sasa matokeo. Chini ya mizunguko 3,000 gari ni ile ile, na anayekuambia vinginevyo kuhusu supachaja ya feni anataka kukuuzia. Shimo halijafukiwa, limefanywa kuwa na kina kidogo. Kuanzia 4,500 ndipo unajua pesa zimeenda wapi. Nguvu inapanda pamoja na mizunguko, bila kugutuka, hadi 7,400, na feni inapiga mluzi mwembamba unaousikia dirisha likiwa wazi. Usukani na mkia wa gari ni vile vile. Kwenye kona ndefu unaweza kuongeza mafuta kidogo kidogo ukijua utapewa kiasi gani. Kwangu 86 bila sifa hiyo si 86 tena, na seti hii haikuigusa.

Presha niliyoisoma Nairobi ni psi 6 na nusu, kama hesabu ilivyosema. Kisha niliteremka nayo Mombasa, na safari hiyo naiona ya lazima kwa yeyote aliyefunga supachaja huku bara. Hadi Emali hakuna kipya. Baada ya Mtito Andei nilianza kuona geji inapanda kila nikipita lori: 7, saba na kitu. Ilipofika Mariakani, gia ya tatu hadi juu, sindano iligusa 8 na gari ilivuta kwa namna ambayo Nairobi haijawahi. Hakuna mtu aliyeshika puli. Ni hewa.

Hapo ndipo maneno ya mzee wa Industrial Area yanapokuwa na thamani. Kompyuta ya gari inafuata jedwali: hewa kiasi hiki, mizunguko hii, cheche itoke hapa. Programu ikiwekwa Nairobi peke yake, vyumba vya juu vya jedwali havijawahi kutembelewa. Ukishuka Pwani, gari inaingia humo kwa mara ya kwanza, kwenye joto, ikiwa na mafuta ya kituo chochote ulichokikuta njiani. Aliyeniwekea programu alilijua hilo: alirudisha cheche nyuma, yaani aliichelewesha, kwenye vyumba vyote vya juu kabla sijasafiri, na tulirekodi data njia nzima ili avijaze vyumba hivyo vizuri baadaye. Fundi asiyekuuliza kama huwa unashuka Mombasa, mpe gari aoshe, asiguse kompyuta.

Kuhusu karatasi ya daino (mashine ya kupima nguvu ya gari), uliza kama namba zimerekebishwa kufidia kimo. Mashine nyingi zinazidisha matokeo ili yafanane na ya usawa wa bahari, na hesabu hiyo ilitungwa kwa injini inayovuta hewa yenyewe. Kwa injini yenye tabo inayofidia kimo, inaongeza nguvu ambayo tayari ipo. Ndipo unaona gari mbili zenye karatasi moja, na barabarani moja inaiacha nyingine kwa mbali. Omba namba mbichi, kabla na baada, mashine moja, siku moja ikiwezekana. Yangu mbichi kwenye magurudumu ilitoka karibu 140 ikaingia 195. Ukizoea majigambo ya mitandaoni utaona ni ndogo. Mimi naiendesha kila wiki na inanitosha.

Matunzo hayachoshi. Mkanda unataka kuangaliwa, hasa wiki za kwanza unapotanuka. Ukilegea unasikia ukilia gia ya pili mizunguko ya juu na geji haifiki pale pake. Kichungi cha hewa nakisafisha mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu vumbi la Athi River si mchezo na feni inayozunguka kasi namna ile haipendi mchanga. Mafuta naweka yale ya oktani ya juu tu. Japani gari hii inanyweshwa mafuta ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vyao hayashuki chini ya oktani 96, tena bila supachaja.

Wengi wananiuliza kwa nini siweki puli ndogo zaidi nirudishe zile psi ambazo kimo kimekula. Inawezekana, na kwa gari isiyotoka Nairobi ni hoja ya maana. Lakini puli ndogo inaisogeza kompresa kwenye kikomo chake cha kasi, na ikifika Mombasa itazidisha hewa nzito kupita kiasi ambacho konrodi hizi zinakiweza. Mimi nina watu Likoni na nashuka mara kwa mara. Puli niliyokuja nayo inabaki hadi siku nitakapofungua injini niweke konrodi imara zaidi za kufuliwa (forged), na siku hiyo nitaipigia hesabu tabo upya.